Nane Zinatosha

Ubishi ulianzia kwenye feni.
Shomvi alikuwa ameilaza kompyuta kifudifudi,
anaipuliza vumbi kwa mdomo, macho kayafumba,
akasema, bila kumlenga mtu:
"RAM ya gigabaiti nane inamtosha binadamu."

Basi, ungedhani katukana mama wa mtu.

Mpoki akaiweka solda chini, bado inafuka.
Kijana wa chaja akamwachia mteja chenji mkononi, hakuihesabu.
Hata mlinzi wa jengo, ambaye simu yake ni ya tochi,
alizipanda ngazi mbilimbili aje kusikia.

"Nane? Tuko mwaka gani?
Kivinjari peke yake kinakula nne
kabla hujasema bismillahi!"
"Kinakula kwa kuwa mmekidekeza.
Umefungua madirisha arobaini, ndugu yangu.
Hiyo ni kompyuta au jengo la bima?"

Huko nje Kariakoo inauza na kununua,
honi, mikokoteni, spika inayonadi shuka tatu kwa elfu kumi,
na sisi ghorofa ya pili, Mtaa wa Agrey,
tunagawana dunia kwa vipande vya silikoni.

Kutoka RAM tukaingia diski.
Kutoka diski, betri: eti uchaji hadi themanini au ujaze?
Mpoki amehamia Linux tangu Ramadhani,
na kama mwongofu yeyote mpya
hawezi kumeza tonge bila kuwaombea waliobaki gizani.
Akaleta habari za chipu iliyotoka juzi huko ng'ambo.
Nanomita alizitaja
kana kwamba kazipima kwa futi ya fundi cherehani.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.
Ile chipu naijua.
Najua kori zake ngapi, joto lake likipanda linafika wapi,
bei yake kwa dola, bei yake kwa shilingi ya asubuhi ile.
Niliitetea kama mtu wa Jangwani siku ya dabi,
mishipa ya shingo nje, mate yanaruka,
nikampiga Shomvi kwa namba hadi akakaa kwenye ndoo.

Akaniangalia. Hana hasira, Shomvi; ana bisibisi.
"Wewe uliitumia lini?"

Umeme ukakatika.

Sijawahi kuwapenda Tanesco kama dakika ile.
Feni zikazimika moja baada ya nyingine zikipungua sauti,
chaja zikafumba vijicho vyao vyekundu,
na mashine zote za maana pale mezani, zile za kioo kikubwa,
zikawa sinia tu.

Ikabaki moja inayowaka: ile ya kifudifudi.
Shomvi akaigeuza. Ina betri ya kuungaunga
na mahesabu ya kikoba cha akina mama wa Buguruni.
Tukasoma kwa mwanga wake, vichwa vimebanana:
Mwanakombo, elfu ishirini, amelipa.
Bi Tatu, elfu ishirini, bado.
Havijawa, elfu ishirini, msiba, asidaiwe.

Hatukusema kitu.
Halafu mlinzi akakohoa, akauliza
kati ya jenereta na inveta kipi bora,
na moto ukawaka upya, gizani humohumo,
Mpoki akipiga meza asiyoiona.

Mimi niliaga mapema.

Nyumbani kwangu Tandika kuna mashine ya gigabaiti mbili.
Kitufe cha herufi A kiling'oka zamani,
kimebaki kichuchu cha mpira,
na Kiswahili, jamani, kimejaa a.
Shairi hili nimeliandika humo,
kila a nikikibonyeza kile kidonda, taratibu, kwa ncha ya kidole,
na mashine inafikiri kidogo, inaguna, inaileta.

Lote limeingia. Na nafasi imebaki.
Usimwambie Shomvi.